Barua ya wazi kwa wamiliki wa televisheni za mikoani: mtangazaji wenu hana mkataba

Kwa:
Wenyeviti wa Bodi na Wakurugenzi Watendaji,
Vituo vya Televisheni vya Mikoani,
Tanzania Bara.

Ndugu Wenyeviti, Ndugu Wakurugenzi,

YAH: AJIRA YA WATANGAZAJI NA WAANDISHI WA HABARI WA TELEVISHENI MIKOANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtangazaji wa habari. Kwa miaka kadhaa nimesoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku katika kituo kimoja cha mkoani, na mchana nimekuwa mtaani na maiki nikizitafuta habari hizohizo. Kwetu msomaji na mwandishi ni mtu mmoja, na siku mpiga picha akiugua, kamera nayo anaishika huyohuyo. Jina langu silitaji wala kituo sikitaji. Mkurugenzi wangu atanitambua, kwa kuwa haya yote nimeshamwandikia. Yalipokelewa, yakagongwa mhuri, hayakujibiwa. Wenzangu wa vituo vingine wananiambia barua zao ziko kwenye mafaili ya namna hiyo. Ndiyo maana leo siiandikii ofisi moja. Nawaandikia nyote, hadharani, na watazamaji wasome.

Heshima yenu naitambua, na si ya kuombea radhi. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, na walioileta hawakuwa Serikali bali watu binafsi waliothubutu kuweka fedha zao mahali ambapo wengi waliona hasara. Televisheni ya Taifa ilikuja miaka kadhaa baadaye. Na ninyi wa mikoani mlithubutu zaidi, maana mlianzisha vituo mbali na makao makuu ya kampuni zenye fedha za matangazo. Bila ninyi, daraja lililokatika kijijini lingeonekana kwenye taarifa ya habari siku waziri akilitembelea tu. Haya nayasema kwa moyo mweupe, kisha naendelea na lililonileta.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilitugusa sote. Kwa upande wetu, sheria hiyo na kanuni zake za 2017 zilitutaka tuwe na elimu isiyopungua stashahada, tupewe ithibati, tubebe kitambulisho. Kwa upande wenu, iliwataka muwakatie wafanyakazi bima na kuwaingiza kwenye hifadhi ya jamii. Upande wetu umetekelezwa. Nimeona watu waliofanya kazi hii tangu enzi za mikanda wakirudi darasani kukaa na vijana wa umri wa watoto wao, wakijilipia ada. Bodi ya Ithibati ilipofungua mfumo wake, tulipakia vyeti, picha na malipo. Upande wenu umelala. Hakuna aliyewaomba mpakie chochote.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mkataba

Naanza na mkataba kwa kuwa mengine yote yanatoka hapo. Kijana anafika kituoni na cheti chake cha chuo. Anaambiwa ajitolee kwanza, aonekane. Anajitolea muda mrefu kuliko alivyoahidiwa. Baadaye anaitwa mwakilishi, au mchangiaji, au "kijana wetu wa habari". Majina yote anapewa isipokuwa mfanyakazi. Anapangiwa zamu. Anavaa fulana ya kituo. Anakatazwa kupeleka habari kituo kingine. Akichelewa anapewa barua ya onyo, tena kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Karatasi ya onyo ipo, ya mkataba haipatikani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: kazi gani, wapi, kwa saa ngapi, kwa malipo gani, na likizo yake. Ukitokea mgogoro na mwajiri hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Na Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo, inaeleza lini mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa. Je, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mtu mwingine? Je, saa zake zinapangwa na huyo? Je, ni sehemu ya taasisi? Je, katika miezi mitatu iliyopita amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi? Je, anamtegemea kwa kipato? Je, anapewa vifaa vya kazi? Jibu la ndiyo kwa swali moja tu linatosha mtu kuchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Nionyesheni msomaji wa taarifa ya habari asiyejibu ndiyo kwa maswali yote.

Kwa hiyo anayedhani kutoandika mkataba ni kujikinga, hajikingi. Anamnyima tu mfanyakazi karatasi ya kupeleka benki.

Na namna tunavyoachishwa mnaijua. Hakuna barua. Ratiba ya wiki inatoka, jina halimo. Wiki inayofuata hivyohivyo. Kisha unajikuta umeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la chumba cha habari, nawe unaelewa. Sasa, anayelalamikia kuachishwa isivyo halali anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zihesabiwe kuanzia lini? Ratiba ya kwanza? Ya pili? Siku aliyoondolewa kwenye kundi? Mtu anakaa nyumbani akidhani anapumzishwa, huku muda wake wa kudai haki unayoyoma. Sitaki kuamini kwamba hilo limepangwa, lakini linafanya kazi vizuri kama kitu kilichopangwa.

2. Mshahara wetu unalipwa na tunaowaripoti

Hii ndiyo hoja ningependa mtazamaji aisome kwa makini, maana inamhusu yeye kuliko mimi.

Katika vituo vingi vya mikoani mwandishi hulipwa kwa stori iliyokwenda hewani. Stori iliyokatwa dakika za mwisho kwa sababu muda wa taarifa umekwisha hailipwi, ingawa nauli imeshatoka mfukoni. Na zilizolipwa hulipwa kwa kuchelewa. Viwango sivitaji, vinatofautiana kati ya kituo na kituo, na vingine ni aibu kuviandika.

Tunaishi kwa nini, basi? Tunaishi kwa posho ya waandalizi. Kila shirika, idara na mradi unaoandaa semina mkoani unajua kuweka kwenye bajeti fungu la waandishi wa habari. Asubuhi mnaitwa hotelini mjini. Mgeni rasmi anafika kwa kuchelewa, anafungua, anahojiwa kando ya bango, mnakunywa chai, mnasaini karatasi ya mahudhurio, mnaondoka na nauli. Saa nane mchana uko studio unahariri, na mwisho wa siku una uhakika wa mlo.

Siku hiyohiyo kuna kijiji ambacho pampu ya kisima imekufa na wanawake wamerudi kuchota bwawani pamoja na ng'ombe. Kufika huko ni basi, kisha bodaboda, kisha kumsubiri mwenyekiti wa kijiji atoke shambani. Ukirudi mjini ni usiku, taarifa ya habari imeshapita. Kesho itabidi umpigie mhandisi wa maji ili stori iwe na pande mbili, naye hapokei simu. Hakuna karatasi ya kusaini kule bwawani.

Mtazamaji akiona taarifa ya habari imejaa wageni rasmi wanaofungua warsha, anadhani ni uvivu wetu au ni maelekezo kutoka juu. Mara nyingi ni hesabu ya nauli. Mwandishi anayejua kazi yake, mwenye jicho la habari, anapanga wiki yake kwa kuangalia nani ana warsha, kwa kuwa kodi ya chumba haisubiri kisima.

Kampeni zikija, hali inakuwa mbaya zaidi. Gari ni la mgombea, mafuta ni ya mgombea, na wali wa mchana ni wa mgombea. Mgombea asiye na gari hana habari. Kisha kituo kinajisifu kwamba kimetoa nafasi sawa kwa vyama vyote.

Zaidi ya hapo, siku hizi mnatutaka tulete matangazo. "Leta tangazo, upate asilimia yako." Mwandishi asubuhi anamshawishi mwenye zahanati binafsi anunue muda wa hewani. Jioni akipigiwa simu kwamba mjamzito amefia kwenye zahanati hiyo, atasimama mbele yake na swali gani? Halafu mhariri anatukumbusha maadili. Kanuni za maadili za Baraza la Habari nazijua, zinakataza kupokea chochote kitakachopinda habari, na nakubaliana nazo neno kwa neno. Ninachouliza ni nani aliyetupeleka kwenye karatasi ya mahudhurio. Mmeweka mtu kazini, mshahara wake mmemwachia anayeripotiwa aulipe, kisha mnamfundisha uadilifu.

3. Usalama

Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwakilishi wa Channel Ten mkoani Iringa na mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya mkoa huo, aliuawa kwa bomu la machozi katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kwenye shughuli ya chama cha siasa. Askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Tarehe 8 Julai 2019, wafanyakazi watano wa Azam Media walikufa katika ajali ya barabarani mkoani Singida wakielekea Chato kurusha uzinduzi wa Hifadhi ya Burigi-Chato. Watu wengine wawili walikufa pamoja nao. Januari 2022 gari lililobeba waandishi katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza kwenda Ukerewe lilipata ajali Busega, Simiyu, na waandishi kadhaa hawakurudi nyumbani.

Matukio haya siyataji ili kuwalaumu waajiri wa marehemu. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kazi hii inavyoua: kwenye vurugu mara chache, barabarani mara nyingi. Sisi wa mikoani ni watu wa misafara. Msafara wa kiongozi unakimbia, na gari la waandishi liko nyuma kabisa, kwenye vumbi, likijitahidi lisiachwe, kwa kuwa likiachwa hotuba itaanza bila kamera. Dereva ni wa kukodi na gari hatujui limekaguliwa lini.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya siku kama hizo, na mchango wa mwajiri wa sekta binafsi ni nusu asilimia ya mishahara anayolipa. Nusu asilimia! Lakini mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya mishahara, familia yake itaanzia kwenye ubishi wa kama alikuwa mfanyakazi au rafiki wa kituo. Nimekaa misibani nikasikia rambirambi za kituo zikimtaja marehemu kama "mwanafamilia wetu". Mwanafamilia huyo hakuwa na namba ya NSSF.

4. Dada zetu wanaosoma habari

Nguo, nywele na vipodozi vya kwenye skrini ni gharama ya kazi. Mmeigeuza gharama ya msomaji, au mnamwagiza akaombe duka la nguo limvalishe ili jina la duka lipite mwisho wa taarifa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba tumbo likianza kuonekana mwenzetu anahamishiwa dawati, na akirudi kutoka uzazi anakuta kuna "sura mpya". Sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua mapacha. Asiye na mkataba anajifungulia kwenye ratiba ya wiki. Natumaini wataandika wenyewe siku moja, wana mengi kuliko ninayoyajua.

5. Kazi isiyokuwa na uzee

Julius Nyaisanga alitoka Redio Tanzania Dar es Salaam, akapita Radio One na ITV, na alipofariki Oktoba 2013 alikuwa Morogoro, akiongoza kituo cha mkoani cha Abood. Huo ni mfano wa mwendo mzuri wa kazi: mtu mwenye sauti inayojulikana nchi nzima anamalizia safari yake mkoani, akiwa na vijana wa kuwafundisha. Charles Hilary alipita Redio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, na alipofariki Mei 2025 alikuwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wakubwa hao walikuwa na pa kwenda, na kila walipokwenda walipokelewa.

Wa kwetu huenda wapi? Waliobahatika huwa maofisa habari wa halmashauri. Nawapongeza, wana mshahara na bima, ila kazi yao mpya ni kumsemea mkurugenzi wa halmashauri waliyekuwa wakimhoji. Wengine hufungua televisheni za mtandaoni kwa simu moja na stendi. Wengine wanaacha kabisa. Ukiangalia vyumba vyetu vya habari, mtu wa miaka arobaini ni mzee, wa hamsini ni mgeni aliyekuja kudai malimbikizo.

Hasara yake si ya huruma tu. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, na tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria mjini Bukoba na watu 19 wakafa, timu ya Dar es Salaam isingeweza kumtangulia mwandishi aliyekuwa Ukerewe au Bukoba. Huyo ndiye nchi inamtegemea saa za kwanza. Na saa za kwanza zikipita, maswali yanataka mtu mwenye kumbukumbu: anayejua kilichosemwa kuhusu uokoaji ziwani baada ya meli ya MV Bukoba kuzama mwaka 1996, anayeweza kumwuliza kiongozi, tena kwa adabu, ahadi ile iliishia wapi. Kijana wa miezi sita kazini hawezi kuuliza hivyo, na si kosa lake. Kumbukumbu ya mkoa inajengwa na watu wanaokaa. Hakuna anayekaa kwa kujitolea.

Sasa nije kwenye majibu ninayoyatarajia, kwa kuwa baadhi nimeshayasikia mlangoni.

Mtasema hakuna fedha. Nakubali hali ni ngumu, na sisemi kwa kejeli. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, kituo hakijirushii matangazo chenyewe kwa mnara wake; kinalipia kubebwa na kampuni za miundombinu. Kuna ada za leseni. Matangazo yamehamia kwenye simu. Taasisi za umma zimekaa na madeni yenu ya matangazo kwa muda mrefu, na mwaka 2023 Serikali iliunda kamati chini ya Tido Mhando kutathmini hali ya uchumi ya vyombo vya habari, ambako hali ya waandishi nayo ilitazamwa. Yote hayo ni kweli. Lakini mkataba haulazimiki kutaja fedha msizo nazo. Utaje hizo mnazolipa sasa hivi, kwa tarehe mnazoweza kuzitimiza. Kama ni kidogo, na iandikwe kidogo. Mnachoogopa, nadhani, ni kuiona hiyo namba imeandikwa juu ya sahihi yenu.

Mtasema sisi ni wachangiaji huru. Sawa. Mchangiaji huru huuza kazi yake popote. Turuhusuni basi tuuze stori kwa kituo cha jirani jioni hiyohiyo, na msitupangie zamu. Kama hilo haliwezekani, basi uhuru huo haupo. Nashangaa pia kwamba uchangiaji huru huisha ghafla yakitokea matatizo. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivitoza vituo vitano vya televisheni jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha habari ya tathmini ya haki za binadamu katika uchaguzi mdogo wa madiwani, na kila mwandishi nchini alielewa somo. Ikija barua ya namna hiyo, chumba cha habari kizima kinaulizwa nani aliileta stori, na hapo mchangiaji huru anaitwa kikaoni kama mfanyakazi kamili.

Mtasema vijana wako tele mlangoni, tayari kufanya kazi bure. Wako, ni kweli, vyuo vinawatoa kila mwaka. Lakini kila mnapompokea mpya mnaanza upya kumfundisha majina ya vijiji.

Mtasema televisheni inatupa jina. Inatupa. Mwenye nyumba wangu ananiona kila usiku nimevaa suti, na kwa sababu hiyo hakubali hata kidogo kwamba sina kodi ya mwezi.

Ninachoomba, kwa niaba yangu na ya wenzangu walioniruhusu kuwasemea, ni haya:

(a) Ndani ya siku 60 tangu kuchapishwa kwa barua hii, kila mtu anayepangiwa zamu katika chumba cha habari apewe mkataba wa maandishi, wenye cheo, malipo, saa za kazi, likizo na namna ya kusitishwa. Waliofanya kazi miaka mingi wahesabiwe miaka yao.

(b) Kila mwenye mkataba aandikishwe NSSF, bima ya afya na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na apewe nakala ya uthibitisho mkononi. Michango iliyokatwa kwetu bila kupelekwa ipelekwe.

(c) Kituo kiweke fungu la nauli la habari za vijijini, hata likiwa dogo, na mwandishi alipwe kwa kazi aliyotumwa, iwe imekwenda hewani au haikwenda. Aliyeko kwenye dawati la habari asitumwe kutafuta matangazo.

(d) Hakuna mwandishi kupanda gari la mgombea au la mwandalizi bila idhini ya maandishi ya mhariri, na katika misafara kituo kijiridhishe kuhusu gari na dereva kabla ya safari.

(e) Mkutane na Chama cha Wafanyakazi katika Vyombo vya Habari, JOWUTA, bila kumwandama aliyejiunga.

Kwa Waziri mwenye dhamana ya habari, Bodi ya Ithibati na TCRA nina ombi moja, na naliweka hapa ili wamiliki wasikie tunapoliomba. Mwandishi akiomba kitambulisho huulizwa cheti chake. Mmiliki akihuisha leseni aulizwe mikataba yake: orodha ya wafanyakazi wa habari, namba zao za NSSF, na bima zao. Haihitaji sheria mpya. Kifungu kipo tangu 2016, na kinachohitajika ni mtu wa kukiulizia.

Siku hizo 60 zikipita kimya, tutakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa pamoja, kila mmoja na ratiba zake za zamu, barua zake za onyo, na taarifa za habari alizosoma, ambazo kwa bahati nzuri mmezipandisha wenyewe YouTube zikiwa na tarehe. Hatutagoma na hatutaharibu kipindi hewani. Watazamaji hawana kosa.

Nipo tayari kuitwa kikaoni wakati wowote kabla ya hapo, nikiwa na wenzangu, na kikao kiwe na muhtasari ulioandikwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtangazaji wa habari,
Kituo cha televisheni cha mkoani.

Nakala:
Waziri mwenye dhamana ya habari
Mwenyekiti, Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Kamishna wa Kazi
Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania (UTPC)
JOWUTA